Mguu wa Shangazi Hidaya katika Nchi ya Wima

Asubuhi hiyo Siwema alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, anamfunga mama yake bandeji. Alianzia vidoleni, akazungusha kisigino, akapanda pole pole mpaka chini ya goti, mkono mmoja unavuta, mwingine unalaza, kama nesi wa kliniki alivyomwonyesha. Mama alikuwa amelala chali, mguu juu ya mto, mtoto mchanga kifuani. Mimba hii ya mwisho ilimwachia mishipa ya miguu imevimba kama kamba za katani, na kila siku, kabla hajakanyaga chini, ilibidi afungwe. Siwema hakuwa msemaji. Wageni wakibisha hodi, ndipo yeye anapokumbuka kuna kitu jikoni. Ila mikono yake haikuwa na haya.

Hapo ndipo salamu zilipofika kutoka Wima. Shangazi Hidaya, dada yake baba, aliyeolewa huko na kufiwa na mume huko huko, ana kidonda mguuni, na Ijumaa wanamkata mguu. Baba hayupo, mama ananyonyesha. Aende nani? Mama akamtazama Siwema, akavuta bandeji za akiba chini ya godoro, akamwongezea na kanga mpya, ngumu bado kwa wanga wa dukani.

"Nenda, mimi nitajifunga mwenyewe. Na huko ukiulizwa, ujibu," akamwambia. "Usije ukaninyamazia kama mtungi."

Njia ya kwenda Wima haina hadithi. Aliyeitwa na mgonjwa hufika.

Alipofika, kitu cha kwanza alichokiona ni kitu ambacho hakikuwepo. Hakuna kiti. Hakuna benchi, hakuna mkeka, hata kigoda cha jikoni hakuna. Watu wa Wima wanakula wamesimama, wanasukana nywele wamesimama, wanalia matanga wamesimama. Usiku wanaegemea ukuta, wamejifunga kifuani mkanda uliopigiliwa misumari ukutani, wanalala hivyo hivyo kama mifagio. Wakubwa kwa wadogo wanavaa majoho yanayofagia chini, maana huko mguu wa mtu hauonyeshwi. Salamu yao ni "Umesimamaje?" na jibu ni moja tu, "Imara." Siwema alimsikia bibi mmoja akijibu "Imara" huku machozi yanamshuka.

Aliyempokea ni Mama Sikitu, jirani yake Shangazi, mwanamke mnene, mwoga, anayeongea huku anaangalia nyuma. Njiani akamweleza mambo ya nchi. Zamani sana Mwasisi wao alisimama juu ya kilima, mbele ya kiti chake, akawaambia watu, "Nisubirini," akaondoka. Hajarudi mpaka leo. Kiti kipo kilimani, kimefunikwa kitambaa cheupe, na mpaka yeye akikalie, hakuna mwingine wa kukaa. Neno lake ndilo limekuwa sheria kubwa kuliko zote. Mtu wa Wima akiambiwa "nisubiri," anasubiri papo hapo, mpaka aliyemwambia atokee tena mbele yake.

Sokoni wakampita mwanamume aliyesimama wima karibu na mchuuzi wa nyanya, joho limejaa vumbi. Mama Sikitu akasema huyo aliambiwa "nisubiri" na shemeji yake, aliyekwenda kununua chumvi. Siwema akauliza, kwa sauti ndogo, ni tangu lini. Mchuuzi akadakia kwamba yeye hajui, kibanda amekirithi kwa mama yake, na bwana huyo alimkuta pale pale.

Shangazi Hidaya walimkuta ameegemea ukuta wa chumba chake, mkanda kifuani, uso umemkauka, ila macho ni yale yale ya utundu.

"Umesimamaje, Shangazi?" Siwema akaanza, maana ndivyo alivyofundishwa njiani.

"Usiniletee salamu zao ndani kwangu. Nipe shikamoo yangu."

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Huyo wifi yangu anakula peke yake?"

Akapandisha joho. Mama Sikitu akageukia ukutani haraka, akajifunika macho, kwa adabu. Mguu ulikuwa umevimba, mishipa imejikunja kunja chini ya ngozi kama minyoo ya mvua. Karibu na kifundo, upande wa ndani, ngozi ilikuwa ya kahawia na ngumu kama gome, na katikati yake kidonda, upana wa kiganja, kinavuja maji. Shangazi akasema huko Wima mshipa ukivimba wanauita nishani, na mwenye nishani nyingi anapishwa njiani. Ukipasuka unaitwa aibu. Kati ya nishani na aibu hakuna dawa. Na mguu ukishindwa kumbeba mwenyewe, wakataji wanashuka na msumeno, wanaukata, wanaweka wa mti. Wanausifu sana ule wa mti. Haulalamiki.

Siwema akagusa vidole vya mguu ule. Vilikuwa na joto. Nesi alimwambia aanze na hilo siku zote, vidole vikiwa baridi usifunge, peleka hospitali. Akasema, haraka haraka ili maneno yasimkimbie, kwamba shuleni wamesoma: damu ya miguuni kila siku inapanda mlima kurudi moyoni, na njiani ina vilango vidogo vya kuizuia isirudi chini. Mtu akisimama siku zote, vilango vinachoka, damu inatuama, ngozi inaoza. Dawa yake ni kuisaidia kupanda. Mguu uinuliwe juu kuliko moyo, ufungwe vizuri, na kidonda kioshwe.

"Basi nilaze," Shangazi akasema.

Mama Sikitu, bado ametazama ukuta, akasema hapana, kulala chali ni kosa bila ruhusa ya Kilima. Huko juu kuna Nyumba ya Utafiti, na ugonjwa wa miguu wanauchunguza tangu enzi za babu zake. Wakikubali wao, sawa. Wasipokubali, anayelala na anayemlaza wote wanakatwa miguu.

Kwa hiyo Siwema akapanda Kilima kuomba ruhusa. Alikuwa mtoto wa kufuata utaratibu.

Ngazi za Kilima hazina mahali pa kupumzikia. Chini kabisa, kwenye ngazi za mwanzo mwanzo, aliwapita watu wengi wameegemeana, miguu imewashinda, majoho yamelowa kwenye pindo. Kila mmoja alimwambia alikuwa anakwenda kupimwa. Katikati walikuwa wachache. Juu alifika yeye na vijana wenye mapaja ya kukimbilia, wanacheka.

Ukumbini kulikuwa na mjadala. Mkuu wa Utafiti, Profesa Mlingoti, mzee mrefu wa joho jeusi, alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili, anawasomea wenzake matokeo. Katika maelfu ya watu waliofika mlangoni kwake kupimwa, tangu ngazi zilipoongezwa mara ya mwisho, hajapatikana hata mmoja mwenye mguu mbovu. Hivyo ugonjwa haupo. Msomi mmoja akasimama, yaani akasogea mbele, maana wote walikuwa wamesimama, akapinga kwa hasira. Akasema ugonjwa upo, ila ni heshima, usiitwe ugonjwa. Wakabishana hapo mpaka jasho. Wa tatu akaleta suluhu. Akawakumbusha kwamba zamani, ngazi zilipokuwa chache, waliofika na miguu mibovu walikuwepo kidogo. Kila zilipoongezwa, walipungua. Basi ziongezwe mara mbili, ugonjwa utokomezwe moja kwa moja. Ukumbi wote ukapiga makofi.

Kumbe kulikuwa pia na utafiti wa bandeji. Siwema alipopewa nafasi, na kusema kwa kigugumizi shida iliyomleta, Profesa Mlingoti alimjibu kwa upole kabisa, kama anayemweleza mtoto kwa nini mwezi hauanguki. Bandeji walishazijaribu. Waliwafunga vijana waliofika juu. Miguu iliyokuwa mizima ikabaki mizima vile vile. Basi bandeji haifanyi kitu.

"Lakini," Siwema akasema, na sauti yake ikamtoka ndogo kama ya kifaranga, "wanaoumwa wako chini kule kwenye ngazi."

Profesa akamwuliza kama walifika mlangoni.

"Hawawezi kupanda."

"Basi kwetu hawaumwi."

"Na shangazi yangu?"

"Mlete."

"Hawezi kupanda, Profesa."

Profesa akafungua mikono kidogo, kama mtu aliyeshinda hoja bila kupenda. "Sisi hatushuki, binti. Tangu nivae joho hili sijashuka hata ngazi moja. Elimu hufuatwa, haifuati."

Wasomi wakaguna kwa heshima. Siwema akainamisha uso kwa aibu, na ndiyo sababu akaona kile ambacho wote hawakukiona. Pindo la joho la Profesa lilikuwa na doa la maji, rangi ya chai iliyopoa. Na harufu ikamfikia, ile ile ya chumbani kwa Shangazi. Akainua macho. Profesa alikuwa anamtazama. Mikono yake imerudi kuishika meza, vifundo vya vidole vimekuwa vyeupe.

Siwema akainamisha uso tena. Akashika adabu yake, akaaga. Lakini akishuka, kila ngazi ilimpandisha hasira. Alipofika kwa wale walioegemeana chini, akasimama. Akatazama huku na huku. Kisha akakaa. Kitako kabisa, juu ya ngazi, mbele ya watu. Wakamtazama kama aliyevua nguo. Akapumzika mpaka akashiba, akanyanyuka, akaenda zake.

Kwa Shangazi hakupoteza muda. Aling'oa mlango wa jikoni kwenye bawaba zake, akaulaza sakafuni, akatandika nguo, akamfungua Shangazi ule mkanda na kumlaza chali. Kinu akakiangusha ubavu, akauweka mguu juu yake. Shangazi akatoa pumzi ndefu, akafumba macho. Akasema tangu aolewe hajaona dari ya nyumba yake mwenyewe, na kumbe ina buibui kiasi hicho. Siwema akachemsha maji na chumvi kidogo, yakapoa, akaosha kidonda, akakifunika kwa kitambaa safi. Halafu akafunga. Vidoleni, kisiginoni, kifundoni, juu. Akamwambia Shangazi achezeshe unyayo, mbele na nyuma, kama anakanyaga cherehani.

"Kilima wamekubali?" akauliza Mama Sikitu mlangoni.

"Wamekataa," Siwema akasema.

Mama Sikitu akakimbia kwake.

Ijumaa wakataji wakashuka, wawili, na msumeno wao umefungwa kitambaa chekundu. Mkubwa alikuwa na kifua kama pipa, mdogo ndiyo kwanza anaota ndevu. Hawakuwa watu wabaya. Walibisha hodi vizuri, wakauliza umesimamaje, wakasema wamekuja kuchukua mguu.

Siwema ndiye aliyefungua. Jikoni hakukuwa na kitu cha kukumbuka. Nyuma yake Shangazi alikuwa amelala, mguu juu ya kinu, na wakataji wakachungulia wakaona, wakafunga macho, wakafungua tena. Mkubwa akasema, haya sasa ni makosa mawili, la aliyelala na la aliyemlaza. Mdogo akaanza kufungua kile kitambaa chekundu.

Akili ya Siwema ilikimbia kila mahali. Ikamkimbilia Mama, ikakimbilia Kilima, ikafika sokoni kwa yule bwana wa vumbi karibu na nyanya. Ikasimama hapo.

Akawatazama wote wawili machoni, kitu ambacho hajawahi kumfanyia mtu mzima tangu azaliwe.

"Nisubirini," akasema.

Akafunga mlango.

Nje hakuna mguu uliosogea. Baada ya muda mkataji mkubwa akasikika akisema, kwa sauti ya mtu aliyekanyaga mtego aliouona, "Huyu mtoto huyu." Ndani Shangazi alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga, tumbo linamtikisika kwa kicheko.

Kuanzia siku hiyo Siwema hakutokeza uso upande wa mbele. Akawa anatoka kwa mlango wa uani, kichwa kimefunikwa, kuchota maji na kununua sabuni. Wakataji walisubiri. Jua likawapiga, manyunyu yakawalowesha, majirani wakawaletea uji. Kidonda cha mshipa hakina haraka. Wiki ya kwanza kilivuja vile vile, na Siwema alilia kidogo akiosha, akidhani amekosea. Shangazi akamwambia afunge, aache kulia, maana mguu haunywi machozi. Halafu maji yakapungua. Uvimbe ukashuka, mikunjo ya ngozi ikaonekana kwenye kifundo. Pembeni ya kidonda ngozi mpya, nyembamba, ya rangi ya waridi, ikaanza kutambaa kwenda katikati. Shangazi akawa anazunguka chumbani mguu umefungwa, anarudi kulala, anazunguka tena.

Aliyefuata ni Mama Sikitu. Alikuja kwa mlango wa uani, akasimama muda mrefu akizungumzia bei ya dagaa, mwisho akapandisha joho mwenyewe, macho amefumba. Alikuwa na vidonda miguu yote miwili. Amekuwa akijibu "Imara" navyo tangu mtoto wake wa pili. Siwema akamlaza kando ya Shangazi. Bandeji zikaisha, akachana kanga. Kesho yake Mama Sikitu akaleta mwenzake, na huyo akaja na mama mkwe wake, na kabla ya mwezi kuandama uani kulikuwa na milango imelazwa chini, ya jikoni kwa kila mtu, na wanawake wamelala juu yake, miguu kwenye vinu, wanasimuliana umbea wakiangalia mawingu. Wengi walikuwa hawajawahi kuyaona vizuri.

Mbele ya nyumba mambo yalikuwa mengine. Mkataji mkubwa miguu ilianza kumvimba. Usiku alikuwa anaguna. Asubuhi moja Shangazi akafungua dirisha, akaegemea kiwiko, akamtazama.

"Umesimamaje, baba?"

"Imara."

"Muongo wewe. Nakusikia usiku kucha." Akainama karibu zaidi. "Nikuulize. Huyu mtoto aliwaambiaje?"

"Alisema tumsubiri."

"Mmesubiri?"

"Si unatuona."

"Nani kawaambia msimame?"

Mkataji akapapasa goti lake lililovimba. Akamtazama mwenzake. Mwenzake akatazama Kilima, kule juu, kwenye kiti chenye kitambaa cheupe. Shangazi akaendelea, taratibu, kama anachambua mchele. Mwasisi wenu alisema subirini. Hakusema simameni. Mzee wa watu alisimama mbele ya kiti akaondoka, pengine alikwenda kutafuta vingine ili nanyi mkae. Nyie mkaongeza yenu.

Mdogo ndiye aliyeanza. Alikunja magoti hatua kwa hatua, kama anayeingia maji ya baridi, akakaa chini kwenye vumbi. Akangoja radi. Haikuja. Akanyoosha miguu mbele yake, akaitazama, akasema neno moja tu, la mshangao, ambalo mama yake angempiga kwa kulisema. Mkubwa akakaa pembeni yake, kishindo, akaegemea ukuta, na msumeno akauweka chini ya visigino vyake kuinua miguu.

Habari ilifika sokoni kabla ya wauza maziwa. Wanasema hata yule bwana wa nyanya aliambiwa. Wanasema alikaa, akalia kama mtoto, na bado akaendelea kumsubiri shemeji.

Siku kidonda cha Shangazi kilipofunga, ngozi imekutana katikati, laini kama ya mtoto, Siwema alifungua mlango wa mbele.

"Nimerudi," akawaambia wakataji.

Shangazi akatoka nyuma yake, joho amelipandisha mpaka gotini na kulifunga kibwebwe kiunoni, bandeji inaonekana na nchi nzima. Akatembea mpaka barabarani, akageuka, akarudi. Sheria ilisema unakatwa mguu usiombeba mwenyewe. Na kosa la kulala wangelisema vipi, na wao wamekaa? Wakataji wakatazamana. Mkubwa akakunja kile kitambaa chekundu vizuri, mara mbili, akampa Siwema, akasema labda kitafaa kufungia watu.

Mkataji mdogo, ambaye miguu yake bado ilikuwa na nguvu za kupanda, akasema anarudi Kilimani kutoa taarifa. Siwema akamwomba amngoje, tena akamwambia angoje amekaa. Akaingia ndani, akachukua bandeji bora iliyobaki, akaandika kwenye ncha yake kwa kalamu ya shule, akaiviringisha ili maandishi yawe ndani kabisa, yasomwe na yule tu atakayeifungua kujifunga. Aliandika hivi:

*Profesa, shikamoo. Mguu wa shangazi yangu umepona, na iko mingine huku chini, njoo uione. Kidonda chako nilikijua siku ile na sikukisema mbele ya watu. Najua kwa nini hushuki. Si kosa. Sema neno moja tu, tutakupandia sisi, na maji ya moto na kila kitu. Lakini mkiongeza ngazi hata moja, nitakisema. Siwema.*

Mkataji alirudi jioni. Walikuwa wamekaa nje wote, mtaa mzima, wengine kwenye vinu vilivyopinduliwa, wengine chini. Shangazi akamwuliza kama Profesa aliipokea. Aliipokea. Aliifungua? Aliiweka ndani ya joho. Alisema nini? Mkataji akakuna kidevu. Aliuliza tu kama kweli yule binti alipofika chini alikaa kwenye ngazi, mbele ya watu.

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia ndiyo. Akaenda kusimama dirishani."

Wote wakatazama juu. Dirisha la Nyumba ya Utafiti lilikuwa linawaka taa, na ndani yake kivuli kirefu, kimeshika fremu kwa mikono miwili. Kilikuwepo kesho yake, na kesho kutwa. Mafundi wa ngazi waliokuwa wameitwa hawakupewa kazi. Ila neno halikuteremka. Kila asubuhi Siwema alikuwa anachemsha birika moja zaidi, anaviringisha bandeji safi, anakwenda navyo mpaka ngazi ya kwanza ya Kilima, anakaa hapo na kutazama juu mpaka maji yapoe.